Sabufa mbili, koili nne: kisa cha Noah iliyonyamaza kwenye msafara wa harusi

Gari aina ya Noah lilifika kwangu Nyakato, jijini Mwanza, Jumatatu asubuhi, utepe mweupe wa harusi bado umenasa kwenye kioo cha pembeni. "Mwangaluka, fundi," akasalimia mwenye gari, akashuka, akafungua mlango wa nyuma kabla hata sijamjibu. Ni mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Siku za wiki gari ni la familia, mwisho wa wiki analikodisha kwa harusi, na muziki wa nyuma ndio unaomletea wateja.

Jumamosi ilikuwa imemharibikia. Msafara ulitoka kanisani ukashika barabara ya Capri Point, maharusi wakapige picha ziwa likiwa nyuma yao, na kila besi ya amapiano ilipozama, sabufa zilikata. Kimya sekunde tatu, zinarudi, zinakata tena. Walipokaribia Jiwe la Bismarck hazikurudi kabisa. Kazi yote ya muziki ikabaki kwa vijana wa matarumbeta waliokuwa kwenye pikapu ya mbele.

"Ampu imekufa, fundi. Nisaidie kuchagua nyingine. Safari hii nataka ya wati 3,000."

Nikamwomba habari ya kununua tuiache kwanza. Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu hakuna kifaa kilichokuwa kimeharibika ndani ya gari lile. Ampu, yaani kikuza sauti, ilikuwa nzima na sabufa zilikuwa nzima. Hata fundi aliyezifunga hakuwa mzembe, maana waya zake zilikuwa zimelazwa vizuri chini ya zulia na viungo vimechomewa risasi. Kilichokosekana ni hesabu ya dakika mbili, ambayo ilitakiwa kufanyika kaunta ya duka kabla pesa haijatoka mfukoni.

Vitu vyenyewe vilikuwa hivi. Ampu ya chaneli moja, daraja D, boksi lake limeandikwa wati 2,000 kwa maandishi makubwa. Karatasi iliyokuja ndani ya boksi inasema kingine: wati 300 kwa omu 4, wati 500 kwa omu 2, na isifungwe chini ya omu 2 (omu ni kipimo cha ukinzani, yaani spika inavyouzuia umeme). Ubavuni ina fyuzi mbili za ampea 30, na fyuzi ndiyo shahidi ninayemwamini kuliko boksi. Ampea 60 mara volti 13.8 ni wati 828 zinazoingia. Ampu ya daraja hilo ikigeuza asilimia 80 hivi ya umeme kuwa nguvu ya spika, haifiki hata wati 700. Zile 2,000 hazina mahali pa kutokea. Sabufa zilikuwa mbili za inchi 12, kila moja na uwezo wa wati 300, kila moja na koili mbili, ule waya uliozungushwa unaosukuma karatasi ya spika, kila koili omu 4. Zote zimefungwa kwenye boksi moja la mbao lenye tundu la hewa mbele.

Nilianzia pasipo. Kilichonivutia macho kwanza ni waya wa hasi, ule unaokwenda kwenye bodi ya gari. Ulikuwa umebanwa kwenye bolti ya kiti, juu ya rangi. Nikawasha gari, nikaweka mkono mmoja wa mita kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye hasi ya ampu, muziki ukipiga: volti 0.9. Hiyo ni nyingi. Betri ilikuwa inasoma 14.1 na ampu inapata 12.9 tu. Nikakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, nikafupisha waya, nikakaza na washa ya meno. Tofauti ikashuka hadi 0.1, ampu ikapata 13.7. Nikajua nimemaliza kazi. Tukarudisha wimbo uleule wa Jumamosi, besi ikazama, taa nyekundu ya protekti, ile ya ampu kujikata ili ijilinde, ikawaka. Pale pale. Saa nzima imekwenda kwenye ubovu wa kweli ambao haukuwa sababu.

Ila neno "pale pale" likanifungua. Ampu inayokosa umeme hukata ovyo, leo hapa kesho kule, hasa gari likiwa sailensa, yaani limesimama injini ikinguruma, au feni ikiwaka. Hii ilikuwa inakata kwenye noti moja. Besi ya amapiano huwa inateleza kutoka juu kwenda chini, na kila ilipopita sehemu fulani ya chini, kimya. Tukaweka singeli, ambayo midundo yake ni ya haraka na mifupi, ikapiga dakika nyingi zaidi kabla ya kukata. Mwenye gari alikuwa ameliona hilo siku nyingi, ila alidhani wimbo ule "umerekodiwa vibaya".

Nikachomoa waya zote za sabufa kwenye ampu, nikapandisha sauti ya redio juu. Taa ikabaki ya kijani. Kwa hiyo ampu haijafa, na umeme unaoingia unatosha kuiamsha. Nikarudisha sabufa moja tu. Ikapiga dakika 20 kwa nguvu, wimbo uleule, besi ileile, haikukata hata mara moja, na mgongo wa ampu ukawa na joto la kikombe cha chai. Nikaongeza sabufa ya pili. Besi ya kwanza kuzama, ikakata.

Hapo sikuhitaji tena kubahatisha. Nikachukua mita nikaiweka kwenye omu. Kwanza nikagusanisha ncha zake zenyewe kwa zenyewe: 0.3. Hiyo ni ya waya za mita, lazima uitoe kwenye kila kipimo, maana kwenye omu za sabufa 0.3 si kitu kidogo. Koili moja moja, zikiwa zimefunguliwa: 3.8, yaani 3.5 halisi. Hilo ni la kawaida, koili ya omu 4 ikipimwa kwa mita husoma pungufu kidogo, kwa sababu mita inapima waya uliolala, haipimi spika inayocheza. Kisha nikapima zile ncha mbili zilizokuwa zinaingia kwenye ampu: 1.2. Toa 0.3, inabaki 0.9.

Fundi aliyefunga alikuwa ameunganisha chanya nne pamoja na hasi nne pamoja. Koili nne za omu 4 kwa sambamba ni omu 1. Ampu iliyoandikiwa isishuke chini ya 2 ilikuwa imefungiwa nusu ya omu hizo, yaani mzigo mara mbili.

Mwenye gari akauliza swali zuri: "Koili zikiongezeka, si ukinzani ungeongezeka?" Nikamwambia afikirie watu wanaoingia kwenye kivuko cha Kamanga. Ukiweka mageti mawili ubavu kwa ubavu, watu wanapita wengi zaidi kwa mara moja. Hiyo ndiyo sambamba, kila koili ni geti jipya, na umeme unamwagika kwa wingi. Ukiweka mageti mawili moja nyuma ya lingine, kila mtu anazuiwa mara mbili. Hiyo ni mfululizo, na omu zinajumlishwa. Ampu kwa upande wake haijui umefunga spika ngapi, inachoona ni ukubwa wa geti tu. Geti likiwa pana kuliko inavyoweza kulisha, transista zake za nguvu zinachemka, na ampu yenye ulinzi mzuri inajikata. Isiyo na ulinzi inaungua. Huwa naletewa mezani ampu za namna hiyo, zinanuka moshi, na mwenyewe anaapa kwamba "ilikuwa feki".

Na ile noti moja? Ukinzani wa sabufa haukai namba moja. Unapanda na kushuka kulingana na noti inayopigwa na boksi ilimofungwa. Kwenye boksi lenye tundu, kuna vilima viwili ambapo ukinzani unapanda sana, na katikati yake kuna bonde, pale pale ambapo tundu lenyewe linavuma. Kwenye bonde hilo ukinzani unashuka karibu kabisa na kile kinachosomwa na mita, kwetu hapa 0.9. Noti nyingine nyingi ampu ilikuwa inapata nafuu kidogo, ikivumilia. Besi ikiteleza na kuingia bondeni, mzigo wote unaiangukia. Ndiyo maana gari lilipiga vizuri dukani, likapiga vizuri nyumbani, likaja kuaibika kwenye harusi, ambako sauti ilikuwa juu na mtu wa muziki ameshikilia amapiano.

Sasa, mwenye gari alikuwa na jibu lake tayari. "Basi zifunge zije omu 2, nipate zile wati 500 zangu."

Hapa ndipo kiini cha kisa chote kilipo. Sabufa mbili zenye koili mbili za omu 4, koili zote zikitumika na kugawana mzigo sawa, hazifiki omu 2. Geuza utakavyo. Koili zote sambamba ni 1. Koili za kila sabufa mfululizo zinakuwa 8, halafu sabufa mbili sambamba, unapata 4. Koili za kila sabufa sambamba zinakuwa 2, halafu sabufa mbili mfululizo, unapata 4 ileile. Zote mfululizo ni 16. Basi. Omu 2 haimo kwenye orodha. Lakini sabufa MOJA ya aina hiyohiyo, koili zake zikiwa sambamba, inatoa 2 kamili, na ndiyo maana ilipiga dakika 20 bila kulalamika. Na sabufa mbili zenye koili za omu 2 zingetoa 2 kamili pia: kila moja mfululizo ni 4, mbili sambamba ni 2. Dukani zilikuwepo zote mbili, bei ileile, maboksi yanafanana, tofauti ni tarakimu moja iliyoandikwa pembeni. Muuzaji alimpa zilizokuwa mbele.

Hatukuwa peke yetu. Kijana mmoja mwenye gereji jirani, anayejua kazi, akasogea na ushauri ambao nausikia mara nyingi: "Acha koili moja ya kila sabufa bila kuifunga. Unabaki na omu 4 mbili, sambamba unapata 2. Kazi imeisha." Hesabu yake ya omu ni sahihi, na mtu mwingine angeifuata. Mimi siifungi hivyo kwa gari la mteja, na sababu si ushamba wa kufuata karatasi. Koili mbili zinasukuma karatasi moja ya spika. Ukiiacha moja, sabufa inabaki na nusu ya koili yake, na kwa kila wati unayoipa inarudisha nusu tu ya nguvu ya sauti ambayo ingetoa zikiwa zote mbili. Kwa hiyo wati 500 kwenye koili mbili zilizobaki zinasikika kama wati 250 kwenye koili nne. Wakati huo kwa omu 4 tungekuwa na wati 300 zinazoingia kwenye koili zote nne. Yaani ujanja unakupa kidogo kuliko unachokikimbia. Juu ya hayo, kila koili iliyobaki ingekuwa inabeba wati 250 badala ya 150 iliyoumbiwa, na siku ya harusi ndefu ndiyo siku ingeungua. Nilimwandikia kijana kwenye kipande cha boksi, akaiangalia muda mrefu, akakiweka mfukoni.

Kuacha sabufa moja tu kwa omu 2 nako nilikufikiria. Inapata wati 500 wakati uwezo wake ni 300. Na hata ingezivumilia, sabufa mbili zilizokaa pamoja zikigawana wati 300 zinatoa besi zaidi kidogo kuliko moja iliyopewa 500, kwa sababu zinasukuma hewa kwa karatasi mbili. Ukiongeza sabufa ya pili bila kuongeza wati unapata kama desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwenye noti za chini. Ukishuka kutoka wati 500 hadi 300 unapoteza 2.2. Sikio la mtu aliye ndani ya gari linalotembea linazitambua kwa shida hizo 2.2. Hili ni jambo ambalo ningetamani kila mnunuzi alijue kabla ya kulipa: wati zikiongezeka mara mbili, sauti haiongezeki mara mbili, inapanda hatua moja ndogo tu.

Na ampu ya wati 3,000 aliyoitaka? Ya kweli ingehitaji zaidi ya ampea 200 kutoka kwenye betri. Tungebadilisha waya, betri, na altaneta, halafu tungefunga sabufa nyingine kwa sababu hizi zina uwezo wa wati 600 zote mbili kwa pamoja.

Akanyamaza kidogo, akasema, "Funga hiyo omu 4, kaka. Nikiona haitoshi nitauza hizi sabufa."

Kazi yenyewe ilikuwa fupi. Nilizitoa sabufa kwenye boksi, nikakata viungo vya zamani. Ndani ya kila sabufa nikaunganisha hasi ya koili ya kwanza na chanya ya koili ya pili kwa kipande kifupi cha waya, ikabaki chanya moja na hasi moja zinazotoka nje. Kisha sabufa mbili zikaenda sambamba kwenye temino ya boksi. Napenda njia hii kuliko ile nyingine inayotoa 4 pia, kwa sababu sabufa moja ikikatika kabisa siku moja, inanyamaza peke yake na nyingine inaendelea. Kwa njia nyingine, kila sabufa inamtegemea mwenzake.

Kabla ya kufunga skrubu nilichukua betri ndogo ya volti 1.5, ile ya rimoti, nikagusisha kwenye temino ya boksi, chanya kwa chanya. Karatasi ya sabufa ya kushoto ikaruka nje kidogo. Ya kulia ikazama ndani. Nilikuwa nimepishanisha waya wa mwisho. Hilo ni kosa la sekunde moja ambalo lingetuletea besi iliyokufa kabisa, maana moja ingekuwa inasukuma hewa na nyingine inaivuta, na mita ya omu isingelionyesha, ingesoma vilevile. Nikageuza, nikagusa tena: zote mbili nje. Mita ikasoma 3.8. Toa 0.3, tumebaki na 3.5, ambayo ndiyo omu 4 yetu.

Geini, kile kitufe cha ampu cha kupandisha na kushusha nguvu, niliiweka kwa mita badala ya sikio. Chukua wati unazotaka, zidisha na omu, tafuta kipeuo cha pili: 300 mara 4 ni 1,200, na kipeuo chake ni 34.6. Nikachomoa sabufa, nikapiga mlio wa hezi 50 kutoka kwenye simu, redio ikiwa robo tatu ya sauti yake, nikazungusha geini polepole mpaka mita iliyoko kwenye volti za AC ikasoma 34. Nikaishia hapo. Kitufe cha kuongeza besi kilikuwa kimepandishwa hadi mwisho. Nilikirudisha sifuri kabla ya kupima, kwa sababu desibeli 6 za kitufe hicho zinadai nguvu mara nne, na ampu isipokuwa nazo inakata vichwa vya mawimbi, na hapo sabufa ndizo zinazopikwa.

Kitu kimoja hakikuhusu omu lakini sikuweza kukiacha. Waya mnene wa chanya ulitoka kwenye betri mpaka nyuma ya gari bila fyuzi yoyote mbele, ukipita chini ya zulia ambalo watu wanakanyaga. Fyuzi za ampu zinailinda ampu peke yake. Zulia likimaliza ganda la waya ule likagusa bodi, hakuna cha kuuzuia moto, na gari linabeba maharusi. Nilifunga fyuzi ya ampea 60 sentimita 30 kutoka kwenye betri, na hapo sikumuuliza kama anataka.

Tukaweka wimbo wa Jumamosi. Besi ikateleza, ikazama, ikaingia bondeni, na boksi likavuma mpaka utepe wa harusi kwenye kioo ukatetemeka. Tukarudia mara nne. Akafungua milango yote, akasimama hatua kumi mbali karibu na barabara, akasikiliza. "Ni kubwa kuliko mwanzo," akasema. Haikuwa kubwa kuliko mwanzo kwa kipimo. Mwanzo hakuwahi kuusikia wimbo mpaka mwisho.

Wiki mbili baadaye alipita na gari baada ya harusi mbili, moja Igoma na nyingine Sengerema. Haikukata. Nikagusa mgongo wa ampu, vuguvugu. Kilichokuwa kinamsumbua safari hii ni namba ya gari ya nyuma iliyokuwa ikigonga kwa mtikisiko, tukaiwekea mpira. Za kuuza sabufa hakuzitaja tena.

Mwezi huu akanipigia simu kutoka dukani, yuko na shemeji yake anayefunga muziki kwenye gari lake.

"Fundi, ampu yake ni ya omu 2 kama yangu. Hapa kuna sabufa imeandikwa koili mbili, omu 4 na 4."

"Anataka moja au mbili?"

Nikamsikia anamgeukia shemeji, wanaulizana, muuzaji naye anaingilia. Akarudi.

"Moja."

"Achukue."

"Na akitaka mbili?"

"Aombe zilizoandikwa 2 na 2."

Nikasikia boksi likiburuzwa kwenye kaunta, na sauti yake ikimwambia muuzaji aligeuze upande wa maandishi madogo.